Shahada ya Masomo ya Dini: kazi zinazotaka imani yako na kazi zinazotaka elimu yako

Ukimwambia mtu kwamba umesoma dini chuo kikuu, swali la kwanza halibadiliki: basi utakuwa padri, mchungaji au shehe? Ukijibu hapana, la pili huja kwa sauti ya huruma: sasa utafanya kazi gani? Nimeulizwa hayo tangu nikiwa mwaka wa pili, na kwa muda mrefu nilijitetea kwa kutaja orodha: ualimu, uandishi wa habari, mashirika ya misaada, sheria, makumbusho. Orodha haikuwa ya uongo, lakini hata mimi mwenyewe haikunisaidia. Ilitia kapu moja kazi ambazo hazifanani hata kidogo.

Kinachozitenganisha hasa si mshahara wala cheo. Kuna kazi zinazokutaka kwa sababu wewe ni muumini, kuna zinazokutaka kwa sababu unajua mambo, na kuna chache zinazotaka vyote viwili. Mgawanyiko huo umeanza ndani ya somo lenyewe. Theolojia ilifundishwa vyuoni kwa karne nyingi na watu wa ndani, kwa ajili ya watu wa ndani. Mwaka 1870 Friedrich Max Müller, mtaalamu wa lugha na dini, alisimama mbele ya hadhira ya Royal Institution, London, akasema anayejua dini moja hajui hata moja. Alikuwa anadai dini zisomwe kwa kulinganishwa, kama wanaisimu wanavyolinganisha lugha. Mwaka 1967 Ninian Smart alianzisha idara ya masomo ya dini katika Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, isiyofungamana na kanisa lolote. Shahada nyingi za leo zina damu ya pande zote mbili, ndiyo maana mhitimu huchanganyikiwa: amefunzwa kutazama kutoka nje, kisha waajiri nusu wanamtaka awe ndani.

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha chochote, jiulize swali hili hata kama linakera: nikihama dhehebu, au nikiacha kuamini kabisa, kazi hii itabaki yangu? Mtu wa miaka 22 huliona swali la ajabu. Hana mpango wa kuacha kuamini, na huenda hataacha. Lakini ajira ni ya miaka thelathini, na katika miaka thelathini mtu hubadilika.

Mimbari au kitanda cha mgonjwa

Kuongoza jumuiya ya waumini na kuwa chapleni, yaani mhudumu wa kiroho, wa hospitali, gereza au jeshi huonekana kazi ndugu. Ni ndugu waliolelewa nyumba tofauti.

Kwenye mimbari, jibu la swali langu ni hapana bila mjadala. Na shahada yako si ufunguo mkuu. Sheria ya Kanisa Katoliki inamtaka padri apitie miaka sita kamili ya falsafa na theolojia katika malezi ya seminari. Huwezi kuingia na cheti chako cha masomo ya dini ukadai umeshamaliza. Madhehebu ya Kiprotestanti yana taratibu zao, mengine yakidai chuo cha theolojia, mengine yakitazama wito tu. Imamu anaweza asiwe na shahada yoyote, ila awe anaisoma Qurani vizuri, anajua fiqhi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, na watu wamemkubali nyuma yao. Tena kazi hii haikuajiri peke yako. Mwenzi wako, watoto wako, hasira zako za Jumatatu, vyote vinakuwa mali ya jumuiya. Wapo wanaostawi hivyo. Mimi ningekosa hewa.

Chapleni naye huhitaji kibali cha jumuiya yake ya dini, kwa hiyo imani bado ni sharti. Isipokuwa pale ambapo hata wasio na dini wana machapleni wao: Uholanzi, kwa mfano, ina chuo kikuu kizima mjini Utrecht, kilichoanzishwa 1989, kinachowaandaa pia washauri wa aina hiyo. Tofauti kubwa ni kwamba chapleni hachagui waumini wake. Analetwa kwa mtu yeyote aliyelala pale, na huyo mtu hajaomba kuhubiriwa.

Mafunzo yake yalianzia mahali pasipotarajiwa. Mwaka 1925 Anton Boisen, mchungaji aliyewahi kulazwa kwa maradhi ya akili, aliwapeleka wanafunzi wa theolojia ndani ya hospitali ya magonjwa ya akili ya Worcester, Massachusetts, awafundishe kuwasoma wagonjwa kama hati zilizo hai. Kutoka hapo ukazaliwa mfumo wa mafunzo ya uchungaji kwa vitendo, Clinical Pastoral Education, unaojulikana kwa kifupi chake, CPE. Leo nchini Marekani kipindi kimoja cha CPE ni saa 400 zisizopungua, na anayetaka kuthibitishwa na bodi ya machapleni hufanya vinne, juu ya shahada ya uzamili. Fanya hesabu: saa 1,600 kabla hujaitwa mtaalamu.

Ndani ya saa hizo kuna zoezi linalowaliza watu wazima. Unarudi kutoka wodini, unaandika mazungumzo neno kwa neno, kisha wenzako wanayapitia mezani. Ukurasa mmoja unaweza kuwa hivi:

*Mgonjwa: Daktari amesema hakuna la kufanya tena.*
*Mwanafunzi: Tusikate tamaa. Mungu ana mpango.*
*Mgonjwa: Ndiyo.* (Akageukia ukutani.)

Msimamizi hakuulizi kama theolojia hiyo ni sahihi. Anakuuliza: pale ulikuwa unamtuliza nani, yeye au wewe? Shahada ya masomo ya dini itakusaidia kujua kwa nini Shahidi wa Yehova amekataa kuongezewa damu, au kwa nini familia ya Kiyahudi inauliza mwili utatoka lini. Haikufundishi kunyamaza. Kama unaweza kukaa nusu saa na mtu anayeamini kinyume chako bila kiu ya kumshinda, nenda kwenye uchapleni. Kama kiu hiyo unayo na unaipenda, mimbari itakufaa zaidi, na sisemi hivyo kwa kejeli.

Darasani, inategemea umevuka mpaka gani

Ualimu ndio mlango ambao wengi huuona wa uhakika. Ni kweli kwamba una mshahara wa kila mwezi na njia inayojulikana: shahada, kisha mafunzo ya ualimu, kisha leseni. Lakini kazi yenye jina moja, mwalimu wa dini, ni kazi tofauti kabisa kutoka nchi hadi nchi.

Ujerumani, Katiba ya 1949 inalifanya somo la dini kuwa somo la kawaida katika shule za umma, likifundishwa kwa misingi ya jumuiya za dini zenyewe. Mwalimu wa somo la Kikatoliki hulipwa na serikali lakini hawezi kulifundisha bila idhini ya kanisa. Akijitoa kanisani, somo limemtoka. Vuka kidogo hadi Uswidi: huko kuna somo moja la maarifa ya dini kwa wanafunzi wote, na haijalishi mwalimu anasali wapi au kama anasali. Nenda Ufaransa, na shule za umma hazina somo hilo kabisa, isipokuwa Alsace na Moselle, kwa sababu sheria ya kutenganisha kanisa na dola ilipopitishwa 1905 maeneo hayo yalikuwa chini ya Ujerumani. Marekani, Mahakama Kuu ilipiga marufuku usomaji wa Biblia kama ibada katika shule za umma mwaka 1963, lakini hukumu hiyo hiyo ikasema hakuna ubaya kuisoma dini kitaaluma, kama sehemu ya elimu. Ndiyo maana mhitimu wa huko huingilia dirisha la historia au fasihi.

Shule za binafsi za kidini ni habari nyingine. Kuna kesi ya Marekani ya 2012 ambayo kila mhitimu angepaswa kuisikia kabla ya kutia saini. Mwalimu wa darasa la nne katika shule ya kanisa alifundisha hesabu na masomo mengine, pamoja na dini kwa sehemu ndogo ya siku. Alipofukuzwa baada ya kuugua, alitaka sheria ya ulemavu imlinde. Mahakama Kuu, majaji wote tisa, ikasema kwa kuwa kanisa lilimpa cheo cha mhudumu na kazi zake zilikuwa na sura hiyo, sheria za ubaguzi kazini hazimlindi dhidi ya kanisa. Yaani cheo kizuri kwenye barua ya ajira kinaweza kuwa mlango wa kutokea.

Ushauri wangu kwa anayetaka ualimu ni mfupi. Usihitimu na dini peke yake. Beba na somo la pili, historia au lugha, ili dini ikipunguzwa vipindi usipungue na wewe.

Mashirika ya misaada na benki za Kiislamu

Mtu anaweza kushangaa kwa nini naziweka hizi mbili meza moja. Ni kwa sababu zote zinaonyesha vizuri kuliko kazi nyingine yoyote jinsi maarifa ya dini yanavyogeuka kuwa kazi ya mikono, na zote mbili zinakukatalia kama unachojua ni dini tu.

Majina makubwa ya misaada yana mizizi ya kidini: World Vision ilianza 1950, Caritas Internationalis 1951, Islamic Relief 1984. Kuhusu imani, hayafanani. Tawi la World Vision la Marekani humtaka mfanyakazi akubali tamko la imani, na mahakama ya rufaa ililiruhusu mwaka 2010. Mashirika mengine ya kidini huajiri watu wa imani yoyote kwa kazi nyingi. Soma tangazo, usikisie kwa jina.

Umuhimu wa mtu anayejua dini ulionekana wazi wakati wa Ebola Afrika Magharibi mwaka 2014. Timu za afya zilikuwa na utaratibu salama wa maziko: mfuko wa plastiki, dawa, watu waliovaa mavazi ya kujikinga usoni hadi miguuni. Familia ziliuona kama kutupa maiti. Zikaficha wafu wao, zikawaosha usiku, zikaambukizwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba angalau asilimia 20 ya maambukizi mapya yalitokana na maziko. Mwezi Novemba likatoa utaratibu mpya, uliotungwa pamoja na mashirika ya kidini ya Kikristo na Kiislamu. Kwa maiti wa Kiislamu, josho la maji likapewa mbadala wa tayamamu, twahara ya udongo badala ya maji, sanda ikapewa nafasi yake, na familia ikashirikishwa kupanga sala. Fikiria mtu aliyekaa kwenye kikao kile akajua kwamba fiqhi tayari ina jibu kwa hali ambapo maji hayawezi kutumika. Hakuhitaji kuwa daktari. Alihitaji kujua hilo, na kuweza kulieleza kwa watu waliovaa glavu.

Hata hivyo, shirika halitangazi nafasi ya "mjuzi wa tayamamu". Linatangaza ofisa mradi: aandike bajeti, ajue ufuatiliaji na tathmini, aandikie wafadhili ripoti kabla ya mwisho wa mwezi. Mkataba mara nyingi ni wa muda wa mradi, na mradi ukiisha nawe unaisha. Niliwahi kukaa kwenye usaili wa shirika moja nikizungumza robo saa juu ya dhana ya sadaka katika dini tatu. Waliniuliza swali moja tu baadaye: unatumia lahajedwali? Nikasema kidogo. Sikuitwa tena.

Benki za Kiislamu zinafanana na hapo kwa jinsi zinavyotaka ufunguo wa pili, ila kwa mshahara na utulivu ziko mbali na mashirika. Hapa nazungumza na waliobobea katika sharia, si na kila mhitimu. Viwango vya AAOIFI, chombo cha viwango vya fedha za Kiislamu kilichosajiliwa Bahrain mwaka 1991, vinataka bodi ya sharia yenye wanazuoni wasiopungua watatu. Viti hivyo ni vya wakubwa. Kijana huanzia chini yao, katika ukaguzi wa sharia, na kazi yenyewe ni ya tarehe kuliko ya hotuba. Chukua murabaha: mteja anataka gari, benki inalinunua, kisha inamuuzia kwa bei iliyoongezwa faida inayojulikana. Uhalali wote umesimama juu ya mpangilio. Benki lazima iwe imelimiliki gari kabla ya kumuuzia mteja. Mkaguzi anafungua faili, anaweka karatasi mbili ubavu kwa ubavu, ankara ya muuzaji na mkataba wa mteja, anatazama tarehe, hata saa. Mkataba ukitangulia ankara, benki imeuza kisicho chake, na faida ile haiingii kwenye mapato. Ukisisimka kwa hilo, kazi ni yako. Ongeza uhasibu na cheti cha ukaguzi wa sharia. Ukipiga miayo, usijilazimishe kwa ajili ya mshahara.

Serikali na sheria

Hizi ni kazi ambazo imani yako haiulizwi, au haipaswi kuulizwa. Pia hakuna anayekusubiri kwa sababu ya shahada yako. Unaingia kwa mtihani wa utumishi, au kwa digrii ya sheria juu ya hii. Chama cha mawakili cha Marekani, ABA, hakipendekezi shahada yoyote maalumu kwa wanaotaka kusoma sheria, na aliyezoea kubishana na maandiko ya kale juu ya neno moja huwa hana shida na mikataba. Marekani ina pia sheria ya 1998 inayoilazimu wizara yake ya mambo ya nje kuandika kila mwaka ripoti ya uhuru wa dini kwa nchi nyingine, na ripoti hiyo haijiandiki.

Tatizo la njia hii si kuingia. Ni kusikilizwa ukishaingia. Mwaka 1993 FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, ilizingira makazi ya kundi la kidini la Branch Davidian karibu na Waco, Texas, kwa siku 51. Kiongozi wao, David Koresh, alizungumza na wapatanishi kwa saa nyingi juu ya mihuri saba ya Kitabu cha Ufunuo. Kwa maofisa yale yalikuwa maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Wanazuoni wawili wa Biblia, James Tabor na Phillip Arnold, waliyasikia kama hoja yenye mantiki yake ya ndani, wakapata nafasi ya kumjibu kupitia redio kwa lugha ile ile. Tarehe 14 Aprili Koresh aliandika kwamba akimaliza kuieleza mihuri hiyo atatoka. FBI ikaona anapoteza muda. Tarehe 19 gesi ikaingizwa, moto ukawaka, watu 76 wakafa. Mmoja wa walionusurika alitoka na diski ya kompyuta, ndani yake maelezo ya muhuri wa kwanza. Koresh alikuwa kweli ameanza kuandika.

Kama angetoka au asingetoka, wanabishana mpaka leo. Ninachokichukua mimi kwa anayechagua kazi ni kwamba wale wawili walikuwa wageni waliojipeleka, si maofisa wenye kiti mezani. Ukiingia serikalini na elimu hii, jiandae kwa miaka ya kuwa mtu anayeonekana kuongea mambo ya pembeni, na ujifunze kuyasema kwa dakika tatu.

Uzamivu, magazeti, makumbusho

Uzamivu niuseme haraka kwa sababu wanaoutaka hawashauriki. Miaka mitano hadi saba si ajabu, lugha za maandiko unayoyachunguza hazikwepeki, na mara nyingi Kijerumani na Kifaransa juu yake kwa ajili ya kusoma watafiti wenzako. Nafasi za kudumu ni chache, na idara hufungwa. Heythrop, chuo kilichoanzishwa na Wajesuiti mwaka 1614 na kuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha London tangu 1971, kilifunga milango 2018. Miaka mia nne haikukiokoa. Nenda kama utaifurahia hiyo miaka hata isipoishia kwenye uprofesa.

Uandishi wa habari za dini upo, na Religion News Service, shirika la habari la Marekani, linaufanya tangu 1934, lakini mhariri huajiri mwandishi kwanza, mjuzi wa dini baadaye. Makumbusho nayo yana nafasi chache zenye mvuto wa pekee. St Mungo, la Glasgow, lilifunguliwa 1993 mahususi kwa sanaa na maisha ya dini, na msimamizi wa mahali kama hapo hushinda akiamua mambo ambayo hayamo kwenye mtaala: sanamu hii ionyeshwe, au ni kitu ambacho wenyewe hawaruhusu kitazamwe?

Kusoma tangazo la kazi

Mwisho, ukishapunguza chaguo zako hadi mbili au tatu, chukua matangazo halisi ya kazi hizo na kalamu mbili za rangi. Kwa rangi moja pigia mstari kila kinachotaka imani: awe mshirika wa dhehebu fulani, athibitishwe na kiongozi wake, akubali tamko. Kwa rangi nyingine, kila kinachotaka ujuzi. Kisha soma majukumu na uone ile rangi ya kwanza inagusa kazi gani hasa.

Kuna tangazo moja la Ujerumani la 2012 lililofika hadi Mahakama ya Haki ya Ulaya. Shirika la Kiprotestanti lilitafuta mtu wa kuandika ripoti juu ya mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya ubaguzi wa rangi, na likataka awe mshirika wa kanisa. Mwombaji asiye na dhehebu hakuitwa kwenye usaili, akashtaki. Mwaka 2018 majaji hao walisema sharti la imani lazima lihusiane kweli na kazi yenyewe, na mahakama ziwe na uwezo wa kulichunguza. Wewe huna haja ya kwenda mahakamani kujiuliza hivyo hivyo. Ripoti ya ubaguzi wa rangi, rangi ya kwanza inagusa mstari upi?